Taa Hafifu za Gari la Kikundi

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni)



Leo hatuzungumzii mbegu wala mabwawa ya mchanga. Tunazungumzia taa za gari. Vikundi vingi vyenye gari vina pikapu moja kuukuu, nayo hufanya kila kazi. Hupeleka maembe sokoni, hubeba saruji, na mama akishikwa na uchungu usiku ndiyo hiyo inayompeleka hospitali. Huku kwetu giza huingia mwendo wa saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo safari ya gizani haiepukiki. Tena barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui sasa ina lami, na madereva wanakimbia kuliko zamani. Lakini punda ni yule yule, hana taa. Mkokoteni nao hauna.

Hebu tupige hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hupita karibu mita 22 kila sekunde. Ili lisimame linahitaji zaidi ya mita 50, tena lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzuri. Sasa kama taa zetu zinaonyesha mita 30 tu, huyo punda tutamgonga kabla ya kusimama. Na huenda asiwe punda, awe mtoto aliyetumwa maji.

Kwa nini taa hufifia?

Wengi husema, "Balbu zimezeeka, tununue za wati 100." Polepole jamani. Mara nyingi balbu haina kosa, ila inapata umeme kidogo. Ni kama bomba lenye kutu: tangi limejaa, lakini mferejini maji yanadondoka tu. Balbu ya volti 12 ikipata volti 10 na nusu, hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Ile ya kawaida ya wati 60 huvuta takriban ampea 5, na mbili ni 10. Mbili za wati 100 huvuta zaidi ya 16. Waya kuukuu zitapata moto, swichi itayeyuka, na gari laweza kuwaka.

Basi tufuate hatua hizi, kuanzia ile isiyo na gharama.

1. Betri na mkanda. Washeni taa injini ikinguruma polepole, kisha dereva akanyage mafuta kidogo. Taa zikiongezeka sana, tazameni mkanda wa feni na alteneta. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe, fungueni ule wa hasi kwanza, mvioshe kwa maji moto yenye magadi, mvikaushe, mvikaze na kupaka grisi.

2. Waya wa athi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Huu ndio mwizi mkubwa, kwa sababu vumbi na kutu hukaa hapo. Chukueni kipande cha waya mnene, upande mmoja ushike kichwa hasi cha betri, upande wa pili uguse athi ya taa. Taa ikiruka kuwa kali, mmempata mwizi. Fungueni skrubu, pigeni msasa hadi chuma king'ae, mfunge tena kwa nguvu.

3. Kioo cha taa. Taa za plastiki hugeuka njano kwa jua. Zisugueni kwa msasa laini wenye maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000, mmalizie kwa polishi. Dawa ya meno husaidia kwa muda tu. Bila kupaka vanishi ya kuzuia jua, unjano utarudi. Kama ile fedha ya ndani ya taa imebanduka, hakuna dawa, ni kununua taa nyingine. Na mkibadilisha balbu ya halojeni, msiishike kioo kwa vidole, maana mafuta ya mkono huiharibu.

4. Rilei. Hii ni kazi ya fundi wa umeme. Anavuta waya mnene kutoka betri, wenye fyuzi karibu na betri, hadi kwenye rilei na kwenye taa. Swichi ya zamani inabaki kuamuru tu.

5. Kulenga. Pikapu ikipakiwa maembe, nyuma hushuka na taa hutazama juu. Dereva haoni barabara, na wanaokuja wanapofuka. Lengeni gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Likiwa mita 10 kutoka ukutani, mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Balbu za LED nazo tuwe waangalifu: zikitiwa katika taa ya halojeni, nyingi hutawanya mwanga na kuwaumiza wengine macho.

Na dashibodi je?

Wengine huona ni urembo. Sivyo. Dereva asipoona geji ya joto usiku, injini itachemka mlimani naye hajui. Asipoona ile taa ya bluu, atawamulika wenzake kwa ful njia nzima. Kwanza zungusheni kile kidude cha kupunguza mwanga kilicho karibu na swichi; mara nyingi kimepunguzwa tu kikasahauliwa. Kisha angalieni fyuzi. Halafu ng'oeni waya wa betri, toeni vibalbu vilivyokuwa vyeusi, msafishe vikalio vyake na kufuta vumbi. Ila dashibodi isiwe kali kupita kiasi, kwani macho yakizoea mwanga wa ndani hayaoni giza la nje.

Tunaomba kila kikundi kichague watu wawili, dereva na mwingine mmoja, waoshe na kukagua taa kila mwezi, na waandike katika daftari la gari. Mweka hazina atenge pesa kidogo za waya, fyuzi na balbu za akiba. Taa ikizimika usiku njiani, gari lisisukumwe gizani: liegeshwe kando, abiria washuke wakae mbali na barabara.

Sasa mwenye swali aulize, kisha twendeni nje tukalitazame gari lenyewe.