Habari na Maoni Katika Gazeti

Leo tutajifunza kutenga habari na maoni.

Mtu akitoka soko la Mlandege akasema, "Debe la mahindi limepanda bei," hiyo ni habari. Twaweza kwenda kuuliza. Akisema, "Wachuuzi wamezidi uroho," hayo ni maoni yake. Gazeti nalo lina mambo hayo mawili.

Tazameni mfano. Tarehe 7 Januari 2015, watu wenye bunduki walishambulia ofisi ya gazeti la Charlie Hebdo mjini Paris, Ufaransa. Watu 12 waliuawa. Gazeti hilo lilikuwa limechapa picha za kumdhihaki Mtume Muhammad. Hiyo ni habari. Siku chache baadaye, Xinhua, shirika la habari la serikali ya China, lilitoa maoni kwamba uhuru wa magazeti uwe na mipaka. Magazeti mengi ya Ulaya yalisema kinyume, kwamba bunduki isinyamazishe kalamu. Msiba ni mmoja, maoni ni mbalimbali.

Kwa nini? Mara nyingi mtu asemapo juu ya nyumba ya mbali, huwaza nyumba yake. Magazeti ya China husimamiwa na Chama cha Kikomunisti. Basi anayetaka mipaka huko Paris, anatetea na mipaka ya kwao.

Msidhani jambo hili ni la mbali tu. Jirani zetu wa Kenya waliuawa na magaidi Westgate, Nairobi, mwaka 2013. Desemba 2014, Bunge lao lilipitisha sheria ya usalama. Mtu akichapa habari za kuharibu upelelezi wa ugaidi, angeweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 3. Serikali ilisema inalinda maisha ya watu. Waandishi walisema wanazibwa mdomo. Tarehe 23 Februari 2015, Mahakama Kuu ilifuta kifungu hicho.

Basi, ndugu zangu, kujua kusoma hakutoshi, yapaswa kupima. Asiyepima huazima akili ya mwandishi.

Maswali ya darasa:
1. Ni jambo gani lililotokea kweli?
2. Ni lipi wazo la mwandishi?
3. Gazeti ni la nani, naye anataka nini kwao?

Jibuni kwa gazeti lolote mlilo nalo. Kwaherini.