Kikopo cha Makohozi

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za Serikali ya Kenya, na mgonjwa wa kawaida huzinywa kwa muda wa miezi sita. Mbona basi watu wangali wakikohoa majumbani?

Uchunguzi wa mwaka 2016 nchini humo uliona wagonjwa 809 katika kila wanaume wazima 100,000, na 359 katika kila wanawake 100,000. Mwanamume wa mtaa kama Mathare, Nairobi, mara nyingi aishi kwa kibarua. Akishinda zahanati, siku ile hana ujira, na jioni nyumbani hakuna unga. Husema ni vumbi tu, akaendelea na kazi.

Na mwanamke je? Wako wadhanio kuwa njia kwake ni nyeupe, kwa kuwa huenda zahanati na watoto. Sivyo. Nauli yaweza kuwa mkononi mwa mume. Tena iko aibu isiyosemwa sana. Tangu utotoni amefundishwa kwamba kutema mbele za watu ni utovu wa adabu, leo mtu asiyemjua ampa kikopo, amwambia, "Tema humu." Hutema mate kidogo, akakirudisha upesi. Mate hayaonyeshi ugonjwa, naye huambiwa hana kitu.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2005, katika mji wa Rawalpindi, Pakistan, walijaribiwa wanawake 1,494 na wanaume 1,561 waliokuja kupimwa. Wengine walielezwa kwanza namna ya kutoa makohozi, wengine hawakuelezwa. Kwa hadubini, katika wanawake wasioelezwa ugonjwa ulionekana kwa 8 katika kila 100. Katika walioelezwa, 13. Kwa wanaume maelezo yale hayakuleta tofauti ya maana. Wale watano wangalirudi nyumbani na ugonjwa wao, kwa kukosa maneno machache tu!

Maneno yenyewe ni haya, nanyi mjuao kusoma wasomeeni mama na dada zenu. Vuta pumzi hadi ndani kabisa, mara mbili au tatu, kisha kohoa kwa nguvu kutoka kifuani. Litakiwalo ni kohozi zito, si mate. Na la asubuhi ndilo bora. Hata mashine mpya za siku hizi zataka kohozi hilo hilo. Omba uonyeshwe mahali pa wazi penye upepo, mbali na macho ya watu, wala usiharakishwe.