Magofu Yana Wenyewe

Wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa hiyo wiki hii nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe nikiwa ugenini.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati inayopakana na Meksiko. Shughuli zilipokwisha nikabaki na siku tano, nikasema siondoki bila kuyaona magofu ya Wamaya. Tangu shuleni nilikuwa nimeisikia habari yao: watu waliojenga miji ya mawe msituni, wakahesabu mwendo wa jua na nyota, wakaandika vitabu, kisha wakatoweka. Neno hilo, kutoweka, ndilo lililokuja kunitia aibu.

Nilianzia Tikal, kaskazini mwa nchi, katika msitu wa Petén. Unatembea chini ya miti mikubwa, kima wakinguruma juu kama simba, mara miti inaachana na mbele yako linasimama hekalu la mawe lenye urefu wa mita 47 hivi, ngazi zake zimesimama wima kama ukuta. Liko jingine linalopita mita 60. Ukilipanda kwa ngazi za mbao walizowekewa wageni, unatokea juu ya vilele vya msitu wote. Mawe yale yalichongwa bila chombo cha chuma na kupandishwa bila punda wala ng'ombe. Si ajabu kwamba mwaka 1979 Tikal iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Pale juu, nikihema, nikamwuliza kijana aliyekuwa akituongoza: "Hivi hawa watu walikwenda wapi?"

Akanitazama kidogo, kisha akajibu kwa upole: "Wengine walikufa kwa vita na ukame, wengine walihama. Mama yangu yuko Tecpán, anafuma nguo. Ukipenda nitakupeleka ukamwulize yeye."

Kumbe kijana mwenyewe ni Mmaya, wa kabila la Wakaqchikel! Nilikuwa nimetembea naye tangu asubuhi nikimsikiliza habari za wazee wake, na bado namwuliza wamekwenda wapi.

Ndugu msikilizaji, ukweli ni huu. Miji ile ya msituni ilihamwa kuanzia karne ya 9. Jiwe la mwisho lenye tarehe pale Tikal ni la mwaka 869. Lakini kuhama mji si kufa kwa taifa. Falme nyingine za Wamaya ziliendelea, na ule wa mwisho, uliokuwa katika kisiwa ziwani, si mbali sana na Tikal, haukuangushwa na Wahispania mpaka mwaka 1697. Leo Wamaya ni mamilioni ya watu, nao wanasema lugha zaidi ya 20 katika Guatemala peke yake.

Na wameonja machungu ya zama zetu hizi. Nchi ile ilikuwa na vita vya ndani kuanzia mwaka 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyotoa taarifa yake mwaka 1999 ilikadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotezwa, na kwamba katika kila watu 100 walioweza kutambuliwa, 83 walikuwa Wamaya. Hebu tujiulize: mtu aliyetoweka miaka 1,000 iliyopita anawezaje kuuawa mwaka 1982? Ndiyo maana nasema neno lile si neno dogo. Ukishasema watu fulani hawapo tena, ni rahisi kutosikia wanapolia.

Basi nikamfuata kijana yule hadi kwao. Karibu na Tecpán, katika milima ya baridi yenye misonobari, kuna magofu yaitwayo Iximché, uliokuwa mji mkuu wa Wakaqchikel. Mwaka 1524 Wahispania walipokelewa pale kama marafiki, wakapafanya makao yao makuu ya kwanza nchini. Hawakukaa sana wakaanza kudai dhahabu. Wenyeji wakauacha mji wao na kuingia vitani, na mwaka 1526 Wahispania wakauchoma moto.

Nasema kweli, baada ya Tikal, Iximché ilinipwaya. Kuta ni fupi, mahekalu ni vichuguu vya mawe. Nilikuwa nimeanza kutazama saa. Ndipo nikaona moshi nyuma ya magofu. Familia moja ilikuwa imezunguka moto. Walikuwa wamechora duara kwa sukari, wakapanga mishumaa ya rangi mbalimbali, na wakachoma utomvu wa mti wenye harufu iliyonikumbusha sandarusi yetu. Walikuwa wakiomba.

Nikainua kamera. Bibi mmoja akainua kiganja chake, bila hasira. Kijana wangu akaninong'oneza: "Ungebisha hodi kwanza."

Maneno yale yalinichoma. Sisi tuliolelewa kubisha hodi hata kwenye kibanda cha makuti, mimi niliingia katika ibada ya watu kama ninayeingia sokoni, kwa sababu tu nilikuwa nimekata tikiti getini! Baadaye niliambiwa kwamba mwaka 2007, Rais Bush wa Marekani alipotaka kuzuru pale, viongozi wa dini wa Kimaya walitangaza kwamba akishaondoka watapatakasa. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mwenyeji alilazimika kujiponya mwenyewe baada ya mgeni kuondoka.

Niliirudisha kamera mkobani, nikakaa kando mpaka wakamaliza. Yule bibi akamwita kijana, wakazungumza Kikaqchikel, akacheka. Alitaka kujua nimetoka wapi, na kama kwetu pia kuna wageni wanaopiga picha bila kuuliza.

Nikamjibu kwamba wapo. Wanafika Kilwa Kisiwani, wanauzunguka msikiti mkuu wa kale, wanaondoka na picha za kuta, wala hawakumwamkia hata mtu mmoja wa kijiji kile kinachoishi pembeni ya kuta hizo. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nilipokwenda Kilwa nilifanya vivyo hivyo.

Ndugu wasikilizaji, magofu yana wenyewe. Ukienda kuyatazama, ya mbali au ya hapa nyumbani, waulizie kwanza wenyewe, uwaamkie, ndipo uyatazame mawe. Mimi nimeazimia kurudi Kilwa, na safari hii nitaanzia kijijini.