Vitabu vya Kijana Anayesomea Dawa: Tununue Vipi?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia, Mathare)

Tumeombwa tuzungumze juu ya vitabu vya famasia, kwa sababu vikundi kadhaa hapa kwetu, kuanzia Mlango Kubwa mpaka Huruma, vinachanga pesa kuwasaidia vijana waliosomea dawa na wanaotaka kufanya mtihani wa leseni ng'ambo. Ni jambo zuri. Lakini pesa ya chama ni jasho la mama anayeuza sukuma wiki, na vitabu hivi ni ghali sana. Tusivinunue vile tunavyonunua mitumba.

Jambo la kwanza si kitabu. Mwulizeni kijana: unafanya mtihani gani, na je, unaruhusiwa kuufanya? Hapo ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Mwenye diploma, kama ile ya KMTC, na mwenye digrii ya miaka mitano, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wote wanavaa koti jeupe, lakini mlango wao si mmoja. Marekani, mfamasia kutoka nje hupitia mtihani uitwao FPGEE, na waliohitimu kuanzia mwaka 2003 wanatakiwa wawe na digrii ya miaka mitano. Diploma haitoshi. Sasa yule broka anayemwuzia kijana wa diploma katoni ya vitabu vya FPGEE anamla pesa tu, hata kama vitabu vyenyewe ni vizuri.

Uingereza kuna njia nyingine. Kwa miaka mingi mfamasia wa kutoka kwetu ameomba kwanza kwa baraza lao, GPhC, akasoma kozi ya mwaka mmoja iitwayo OSPAP, akafanya mazoezi kazini mwaka mwingine, ndipo akaketi mtihani. Huyo sheria za dawa za Uingereza atafundishwa huko huko. Ya nini kubeba kilo kumi za vitabu kutoka hapa?

Kitabu ambacho hawezi kukikwepa ni BNF. Hiki hutolewa mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na kila toleo lina namba kubwa kwenye jalada. Namba 80 ilitoka Septemba 2020. Basi hata mama asiyesoma Kiingereza anaweza kupiga hesabu: namba mbili ni mwaka mmoja. Ukikuta namba 60 kwa wale wa inama kule mjini, hiyo ni ya 2010, hata kama imefutwa vumbi ikang'aa.

Kwa nini tunasumbuana na miaka? Kwa sababu kitabu cha dawa huharibika kama maziwa. Kikundi kimoja kilituonyesha kitabu kinene walichonunua kwa bei nzuri, kimechapishwa miaka ya tisini mwanzoni. Kwa malaria kinasema mpe mgonjwa klorokwini. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, ikaingia SP, ile tuliyoizoea kama Fansidar. Mwaka 2004 nayo ikabadilishwa, ikaja dawa ya mseto, AL. Au tazama kodeini: tangu 2013 Uingereza hawampi mtoto wa chini ya miaka 12 kwa maumivu. Kijana akijibu mtihani kwa kitabu cha kale anaanguka. Akihudumia watu dirishani kwa kitabu hicho, hapo si yeye anayeanguka.

Fotokopi nazo tuziogope. Nukta ikifutika, 0.5 inasomeka 05, na mtu mwenye haraka anasoma tano. Hiyo ni mara kumi ya dawa, na ndani ya mwili wa mtoto mchanga!

Anayeelekea Marekani anunue kitabu cha Marekani chenye maswali na majibu, toleo jipya. BNF haitamtosha, maana hata majina yanageuka. Parasetamoli wanaiita asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini. Sukari ya damu tunayoandika 7 hapa, wao wanaandika 126, kwa kuzidisha na 18. Mtoto mwenye akili nyingi anaweza kukosa swali kwa jambo hilo tu.

Lakini wengi bado wako hapa, wanafanya kazi kwa kemisti za Juja Road wakisubiri majibu. Huyu wa hapa anatumia Orodha ya Dawa Muhimu ya Kenya, toleo la 2023, ambayo Wizara ya Afya imeitoa na haiuzwi. Na kile Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner, ambacho vikundi vingi mnacho, kiacheni kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Kinafaa nyumbani, ingawa majina ya dawa humo pia myalinganishe na orodha ya sasa. Si kitabu cha mtihani.

Mwisho ni utunzaji. Vitabu vilivyonunuliwa na kikundi vipigwe muhuri na viandikwe katika daftari la katibu kama viti na sufuria. Kijana akisafiri, cha zamani kisiuzwe kwa mwenye kemisti. Kiandikwe mwaka wake juu ya jalada kwa kalamu nene, kibaki cha wadogo zake kujifunzia majina. Na mwenye katoni nyumbani asiyejua ndani mna nini, aje nayo Jumapili baada ya ibada, tufungue kurasa za mbele pamoja.