Vituko vya Mbwa wa Nyumbani na Maana Yake

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuku na banda lake. Leo tutazungumza juu ya mbwa. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mbwa naye ana somo gani? Kazi yake si kubweka tu?" Basi, vuteni viti karibu. Mbwa ana vituko vingi vya kuchekesha, na karibu kila kituko kina sababu yake. Mtu ajuaye sababu hizo hamwonei mnyama wake, na watoto wake hawaumwi ovyo.

Kwanza, fahamuni kwamba mbwa hutofautiana tabia kama watu. Watoto wawili wa tumbo moja, waliolelewa ua mmoja na kula chungu kimoja, mmoja aweza kuwa mpole na mwenzake mchokozi. Wengi wetu tumepata kumjua mbwa aitwaye Simba, ambaye radi ikipiga yeye ndiye wa kwanza kuingia uvunguni mwa ghala. Tena yuko yule ambaye getini kwao hunguruma hata bwana posta anaogopa kupita, lakini mpeleke kwa jirani, mara hufyata mkia. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na mbwa vivyo hivyo.

Sasa tutazame desturi zake. Mbwa akitaka kulala huzunguka mara mbili tatu mahali pamoja, ndipo ajilaze, hata kama pana saruji tupu. Akipewa mfupa naye ameshiba, huufukia. Kwa nini? Mbwa wa kufugwa ametokana na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, si hawa wenye madoadoa tunaowaona Ruaha. Alianza kuishi na watu zamani sana, yapata miaka 15,000 iliyopita au zaidi. Wataalamu hudhani kwamba mababu zake walizunguka ili kulaza majani na kutazama kama pana nyoka au mdudu, na walifukia chakula kwa kuwa hawakujua kesho watapata nini. Mbwa wako anakula ugali kila jioni, lakini damu yake haijasahau njaa ya porini.

Kituko kingine ni pua. Ukitembea naye, atasimama kwenye kila mti na kila nguzo mpaka uchoke. Usimkasirikie. Mwanadamu ana chembe za kunusia kama milioni 5 au 6 katika pua yake; mbwa anazo zaidi ya milioni 200. Kwake nguzo ile ni kama gazeti: husoma ni nani aliyepita, ni dume au jike, na alipita lini. Halafu naye huinua mguu na kuandika habari zake.

Je, mkia? Watu husema mbwa akitikisa mkia amefurahi. Si kila mara. Mwaka 2007 wataalamu wa Italia waliwapima mbwa 30 wa nyumbani. Waliona kwamba mbwa akimwona bwana wake, mkia huelekea zaidi upande wa kuume. Akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelekea zaidi upande wa kushoto. Tofauti hiyo ni ndogo, si rahisi kuiona kwa macho tu. Kwa hiyo usitazame mkia peke yake. Mbwa aliyekakamaa mwili, akakukazia macho na kusimamisha manyoya ya mgongoni, asikaribiwe hata kama mkia unacheza.

Hapa Afrika tunaye pia mbwa wa ajabu, atokaye katika misitu ya Kongo. Wageni humwita Basenji. Yeye habweki kama wengine, bali hutoa sauti kama ya mtu aimbaye mlimani. Hujilamba mwili kama paka. Na kwa kuwa yu kimya, wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni wapate kujua yuko wapi kichakani.

Sasa natia mkazo juu ya jambo moja. Mama anarudi kutoka sokoni, anaikuta sufuria imefunuliwa na nyama haipo. Mbwa yuko pembeni, masikio yamelala, macho yanatazama chini. Mama anasema, "Ndiye huyu! Mtazameni, ajijua!" Fimbo inafuata. Lakini mwaka 2009 bibi mmoja mtaalamu wa New York, Alexandra Horowitz, alilichunguza jambo hili kwa mbwa 14. Wengine walikula chakula walichokatazwa, wengine hawakula, na wenye mbwa hawakuambiwa kweli kila mara. Ikaonekana kwamba sura ile ya mwenye hatia hutokea mbwa anapokaripiwa, awe amekula au hakula. Ilizidi hasa kwa wale waliokaripiwa bila kosa. Basi sura ile si ungamo. Ni woga wa hasira yako. Na huenda mwizi wa nyama ni paka, amelala juani anajilamba masharubu. Mbwa apigwaye bila kujua sababu hajifunzi kitu ila kuogopa mkono wa mtu, na mbwa mwenye hofu ndiye aumaye upesi.

Wasikilizaji, kujua vituko vya mbwa wako kuna faida kubwa kuliko kicheko. Ukizijua tabia zake za kila siku, utatambua mara zinapobadilika. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafula, au mkali akawa mnyonge kupita kiasi. Akitokwa na udenda, akashindwa kumeza, sauti ikabadilika, akauma hata vijiti na mawe, usiseme ni kituko. Huenda ni kichaa cha mbwa. Jitengeni naye, kisha mwiteni bwana mifugo.

Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Kati ya kila watu 10 waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla ya hapo kinga ipo. Mtu akiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apate sindano. Msipake pilipili wala mafuta, wala msingoje kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa wenyewe wachanjwe. Katika kijiji wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia.

Wafundisheni watoto pia: mbwa anayekula asiguswe, mwenye watoto asisogelewe, aliyefungwa asichokozwe.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Mtazameni mbwa wenu, au wa jirani, kwa siku tatu, kisha mjibu:

1. Hulala wapi, na huzunguka mara ngapi kabla ya kulala?
2. Humpokeaje mtu wa nyumbani, na humpokeaje mgeni?
3. Alichanjwa lini mara ya mwisho? Kama hamjui, nendeni mkamwulize bwana mifugo siku ya chanjo.

Swali hilo la tatu msilipite. Hayo ndiyo ya leo. Kwaherini mpaka juma lijalo, tutakapozungumza juu ya mbuzi wa maziwa.