Kuni Nusu, Maji Yale Yale

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wahudumu wa afya ya jamii, wenye hoteli na vibanda vya chai, Ahero)

 

Kila mto Nyando unapovunja kingo na maji kuingia visimani na vyooni, ofisi yetu hutangaza ujumbe ule ule: chemsheni maji ya kunywa. Na jibu huwa lile lile: kuni zitatoka wapi? Ni jibu la haki. Ukiwa na kuni za kupikia ugali peke yake, hutazichoma kwa ajili ya mtungi wa maji. Ndiyo maana leo sikuja na bango. Nimekuja na mzani, kipimajoto na sufuria mbili. Nilisomea uandishi wa habari, si fizikia, kwa hivyo hesabu yetu itakuwa ya kuzidisha na kugawanya tu.

Kupasha kilo moja ya maji, yaani lita moja, kwa nyuzi moja ya selsiasi kunahitaji kilojuli 4.2 za joto. Sufuria hii ina lita 5. Maji yalikuwa nyuzi 25 tulipoyateka. Yameanza kutokota kwenye nyuzi 96, na msidhani kipimajoto ni kibovu: Ahero iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kabla ya kufika 100. Basi yamepanda nyuzi 71. Tano mara 4.2 mara 71 ni kilojuli 1,491. Hilo ndilo joto lililoingia ndani ya maji.

Sasa tuone tulilotoa. Kwenye mafiga matatu, tulipima kuni kabla ya kuwasha, tukazima na kupima masalio. Zimeliwa gramu 900. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri kwa jua hutoa takriban kilojuli 16,000, kwa hivyo gramu 900 zimetoa 14,400. Gawanya 1,491 kwa 14,400: ni kama asilimia 10. Katika kila vijiti kumi mlivyonunua, kimoja kimechemsha maji. Tisa vimepasha upepo, mawe, ardhi na macho ya mpishi. (Mtaalamu angetoa pia makaa yaliyobaki na kuongeza joto lililobebwa na sufuria yenyewe. Jibu lingesogea kidogo tu.)

Sufuria ya pili iko kwenye jiko la Upesi, lile lenye chungu cha udongo kilichochomwa na kujengewa kwa matope. Maji ni yale yale, lita 5. Kuni zilizoliwa ni gramu 500, sawa na kilojuli 8,000. Ufanisi umefika karibu asilimia 19. Hakuna uchawi. Ukuta wa udongo unazuia upepo, unaelekeza mwali chini ya sufuria, na mdomo mdogo unakulazimisha kusukuma kijiti kimoja kimoja badala ya kutupia mzigo mzima.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo hata jiko zuri haliwezi kuizuia, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Wengi wetu tulifundishwa kuacha maji yatokote muda mrefu ili wadudu wafe. Maji yakishaanza kutokota hayapandi joto tena, hata ukiongeza moto. Joto lote unaloongeza linageuka mvuke. Kila lita inayotoka kama mvuke huondoka na kilojuli 2,260. Ukiacha sufuria hii mpaka nusu lita ipungue, umechoma kilojuli 1,130, robo tatu ya joto lililochemsha lita zote 5! Na hujaongeza usalama wowote. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakifika kutokota kwa nguvu yanatosha. Viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa hata kabla ya hapo. Epua, funika, acha yapoe yenyewe, usiyachanganye na maji mabichi wala barafu. Mhudumu wa afya, nakuomba uliseme hili katika kila boma: ukiona mapovu makubwa yanapanda sufuria nzima, toa kuni.

Kifuniko pia kinazuia mvuke usiondoke na joto hata kabla ya kutokota. Sufuria zenu za chai hapa sokoni nyingi ziko wazi. Najua mnataka mteja aione chai, lakini mnamlipia mvuke.

Mafuriko yana shida yake: kuni zimelowa. Kilo ya kuni ambayo nusu yake ni maji ina nusu kilo tu ya mti, na moto lazima ukaushe yale maji kwanza. Unabaki na kilojuli 8,000 hivi, nusu ya tulizohesabu. Kwa hivyo anzeni kupanga kuni juu ya dari ya jikoni wakati wa kiangazi, msingoje mawingu.

Kuna aliyeuliza kuhusu gesi. Kilo moja hutoa takriban kilojuli 46,000, na tukichukua kwamba nusu hivi inafika kwenye maji, lita 5 hizi zitakula kama gramu 65. Bei ya mtungi na ya mzigo wa kuni mnazijua kuniliko, na mzigo wa kuni mtaupimia hapa. Mzani utabaki mlangoni mpaka saa kumi jioni. Atakayeleta kuni zake tutampimia, na kama ana sufuria anayoitumia kila siku aje nayo, maana yenye masizi manene na iliyobonyea chini hatutapata jibu sawa na hizi zangu mpya.