Sanduku la Akina Chamberlen



Katika karne ya 17, ukoo mmoja wa wakunga wanaume mjini London, akina Chamberlen, ulikuwa na koleo la kumvuta mtoto aliyekwama wakati wa kuzaliwa. Husimuliwa kwamba walilibeba ndani ya sanduku kubwa, wakawatoa ndugu wote chumbani, na mzazi mwenyewe wakamfunga kitambaa machoni. Mwaka 1670 Hugh Chamberlen alikwenda Paris kumuuzia siri hiyo daktari Mauriceau. Akapewa mgonjwa wa kuonyeshea ufundi wake, mama mwenye nyonga nyembamba mno. Alihangaika naye kwa saa kadhaa, akashindwa. Mama akafa, na biashara ikavunjika. Siri ilikaa ndani ya ukoo kwa zaidi ya miaka mia moja, huku wanawake wakifia uchungani mtaa wa pili. Vifaa vyenyewe vilikuja kuonekana mwaka 1813, chini ya sakafu ya nyumba yao ya zamani huko Essex.

Ni rahisi kuwaita wachoyo. Lakini siri ile ndiyo iliyowalisha. Na karibu kila ofisi ina Chamberlen wake: mhasibu ambaye akienda likizo malipo yanasimama, au fundi anayesubiri vijana waende kunywa chai ndipo afungue jenereta. Hawana roho mbaya. Wamepiga hesabu tu: nikimfundisha huyu, kesho atakalia kiti changu. Nani amewahi kuwahakikishia vingine? Siku ya kustaafu tunawajazisha fomu ya makabidhiano: funguo, kompyuta, meza, viti. Namna kazi ilivyokuwa ikifanywa haina mstari wake.

Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kwa mali, sawa. Kwa ujuzi wa kazini, mimi naona moyo peke yake hautoshi. Kutoa kunataka saa yake katika ratiba, na mtu wa kuisimamia saa hiyo.

Mfano tunao hapa nyumbani Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 na 2008. Orodha ina vipengele 19, vingi vya kawaida kabisa. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Daktari anasema kwa sauti anachokihofia, kazi itachukua muda gani, damu kiasi gani huenda ikapotea. Mtaalamu wa usingizi anaeleza wasiwasi wake. Muuguzi anathibitisha kuwa vifaa vimetakaswa, na kama kuna kinachomtatiza anakitaja. Yale ambayo bingwa angebaki nayo kichwani yanawafikia wote, na nesi wa zamu anapewa zamu ya kusema. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Msiharakishe kupiga makofi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilizoanza kutumia orodha za namna hiyo, na vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Sababu zinabishaniwa hadi leo. Mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba karatasi inaweza kujazwa tiki zote bila mtu kumwambia mwenzake neno. Nimeona vikao vingi vya idara vya namna hiyo.

Nasi wanavyuo tujitazame. Tunapandishwa vyeo kwa makala tulizochapisha, na mhadhiri msaidizi anayejifunza kwa kuchungulia tu hatuhesabiwi. Kwa hiyo nitapeleka pendekezo kwenye Seneti, liongezwe swali moja katika fomu ya kila ombi la cheo: ukiwa likizo, nani anaifanya kazi yako, na alifundishwa na nani?